Alamu ya gari inalia ovyo, au hailii kabisa: kutafuta chanzo, kurekebisha sensa na kuongeza nyingine

Alamu inapolia usiku bila sababu, dawa ya haraka ya wenye magari wengi ni kumwambia fundi "punguza sensa", yaani ashushe usikivu wa kifaa kinachohisi gari likitikiswa. Fundi anazungusha skrubu, gari linakaa kimya siku mbili, kisha kelele zinarudi. Chanzo hakikuwa sensa. Kilikuwa betri iliyochoka, swichi ya mlango iliyoingia chumvi, au pini ya boneti isiyobonyea sawasawa. Na sasa hasara ni mbili, kwa sababu sensa imelegezwa kiasi kwamba mtu anaweza kung'oa saiti mira na gari lisiseme neno.

Maelezo haya yanahusu hasa alamu zinazofungwa baadaye kwenye Toyota IST, Vitz, Probox, Noah, Harrier na magari mengine ya Japani yaliyokwishatumika, yanayoshuka bandari za Dar es Salaam na Mombasa. Magari ya Ulaya yenye alamu ya kiwandani yana utaratibu wake, nayo yamegusiwa kidogo huko chini.

Vifaa si vingi: multimita, bisibisi ya nyota na bisibisi bapa ndogo, spana namba 10, msasa laini, tai za plastiki na kalamu ya kuwekea alama. Tahadhari moja haina mjadala: soketi na mirija ya nyaya yenye rangi ya njano chini ya usukani na kwenye nguzo za kioo cha mbele ni ya mifuko ya hewa. Usiichomoe, usiipime kwa mita, usipitishe waya wako mbele yake.

Kwanza jua nani anayeiliza

Gari likianza kulia, kabla ya kubonyeza rimoti tazama taa za indiketa. Zikiwaka na kuzima pamoja na king'ora, boksi la alamu limepokea ishara kutoka mahali fulani. King'ora kikilia peke yake huku taa zimetulia, na rimoti haikinyamazishi, usihangaike na sensa hata kidogo. Nenda moja kwa moja sehemu ya mwisho.

Alamu nyingi huweka kumbukumbu ya tukio la mwisho. Ukifungua gari, king'ora hutoa vilio vya ziada tofauti na vile ulivyovizoea, na taa ndogo ya dashibodi humweka kwa mafungu: mara mbili, inapumzika, mara mbili tena. Idadi hiyo inataja eneo lililoshtuka, ama mlango, boneti au sensa ya mtikisiko. Kila kampuni ina hesabu yake, kwa hiyo tafuta kijitabu cha alamu yako kwa jina na namba iliyoandikwa kwenye boksi. Soma mafungu hayo kabla ya kuwasha swichi ya gari, kwa kuwa kwenye alamu nyingi swichi ikiwashwa kumbukumbu inafutika.

Kama kijitabu hakipo, kuna kipimo kisichodanganya: chomoa soketi ya sensa ya mtikisiko, ile ndogo yenye nyaya tatu au nne (mahali sensa ilipo pameelezwa huko chini), kisha funga gari na uliache usiku mzima. Likilia bado, sensa haina hatia na skrubu yake isiguswe. Likikaa kimya usiku mbili au tatu mfululizo, basi tatizo ni sensa au mahali ilipofungwa.

Saa ya kulia nayo inasema mengi. Gari linalolia sekunde chache baada ya kufungwa karibu kila mara lina tatizo la taa ya ndani, feni au mlango. Linalolia alfajiri, mshuku betri na umande. Linalolia likiegeshwa sehemu moja tu na kutulia kwingine, mazingira ndiyo yanayolishtua: mwembe unaodondosha embe juu ya paa, paka anayelala kwenye boneti yenye joto, kunguru wanaotua juu, au barabara ya malori iliyo mita chache kutoka ukutani.

Betri, milango na boneti kabla ya sensa

Pima betri asubuhi kabla ya kufungua mlango wowote. Betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi; 12.4 inavumilika, 12.0 maana yake imebaki robo. Kisha mtu mwingine afunge gari kwa rimoti huku wewe unaangalia mita. Mota za sentro loki huvuta umeme mwingi kwa mpigo mmoja, na betri dhaifu huporomoka ghafla. Alamu inayosoma mshuko wa volti inauelewa mshuko huo kama mlango uliofunguliwa na taa ya ndani kuwaka. Nyingine hujizima na kujiwasha upya, na zikiamka zinapiga kelele. Piga stata vilevile ukiangalia mita: ikishuka chini ya volti 9.6, badilisha betri kwanza, au safisha vichwa vyake kama vina unga mweupe au wa kijani. Marekebisho ya sensa kwenye gari lenye betri mbovu ni kazi bure.

Kwenye alamu hizi za kusoma volti kuna feni ya rejeta pia. Magari mengine huiwasha feni dakika kadhaa baada ya injini kuzimwa, na umeme inaovuta unaiamsha alamu. Dawa si kuilegeza sensa bali kuzima kipengele hicho kwenye boksi (mara nyingi ni kidaraja kidogo cha plastiki au mpangilio wa rimoti) na kuunganisha alamu kwenye waya wa swichi za milango.

Swichi za milango ndizo zinazowapoteza mafundi wengi. Kwenye magari mengi ya Japani, mlango ukifunguliwa swichi yake inaugusisha waya na bodi ya gari, yaani hasi. Taa ya ndani inahitaji mamia ya miliampia ili iwake, lakini mlango wa kuingizia ishara wa boksi la alamu unatosheka na miliampia chache tu. Ndiyo maana hoja ya "taa ya ndani imezima, kwa hiyo milango iko sawa" haisimami. Swichi iliyoingia maji na chumvi huvujisha umeme kidogo ambao hauwezi kuwasha taa lakini unatosha kabisa kuishtua alamu. Tanga, Mombasa, Unguja na Dar es Salaam ya pwani hali hii ni ya kawaida sana kwa magari yenye swichi za zamani za pini.

Ipime hivi. Fungua skrubu ya swichi, ivute nje, chomoa waya wake (ushike usirudi ndani ya nguzo), halafu weka mita kwenye omu kati ya ncha ya swichi na mwili wake. Ikiwa imebonyezwa, mita isome kukatika kabisa. Ikisoma namba yoyote, hata kiloomu kadhaa, swichi inavuja. Ukutu wa kijani unaondolewa kwa msasa na dawa ya kusafishia viunganishi vya umeme, lakini mpira uliopasuka hautibiki. Nunua swichi mpya, bei yake ni ndogo. Usisahau mlango wa nyuma. Kwenye Noah, Probox na IST waya wake hupita kwenye bawaba kupitia bomba la mpira, na hukatika au kuchubuka hapohapo unapojikunja kila siku.

Jambo jingine limekuja na taa za LED. Mtu akibadilisha balbu ya ndani ya kawaida kwa LED, alamu iliyotulia miaka mitatu inaanza wazimu. Nyuzi za balbu ya zamani zilikuwa zinaushikilia waya wa milango kwenye volti 12 milango ikiwa imefungwa. LED haifanyi kazi hiyo vizuri, waya unabaki unaelea bila volti ya uhakika, na alamu inausoma vibaya. Rudisha balbu ya zamani kwa usiku mmoja uone. Tatizo likiisha na bado unaitaka LED, unganisha rezista ya omu 1,000 yenye nusu wati kati ya waya wa milango na chanya ya kudumu iliyopitia fyuzi.

Taa ya ndani inayofifia taratibu baada ya mlango kufungwa nayo inachanganya. Kama waya wa alamu umechukuliwa kwenye taa badala ya kwenye swichi, boksi litaona mlango wazi kwa sekunde zote za kufifia. Hamisha muunganisho uende kwenye swichi, au tumia mpangilio wa kuchelewesha ulinzi wa mlango kama boksi linao.

Boneti: alamu huja na pini yake ya chemchemi, na mara nyingi inafungwa ikiwa fupi. Inatakiwa ibonyee angalau milimita 6 boneti ikifungwa. Ikibonyea milimita moja au mbili tu, upepo wa lori au joto la mchana linatosha kuiachia. Weka kipande cha kadibodi cha milimita 3 juu ya kichwa cha pini na ufunge boneti. Kelele zikiisha, umeshampata mhalifu: ongeza urefu wa pini au inua bamba lake. Bamba hilo lifungwe kwenye chuma kilichokwanguliwa rangi, kisha lipakwe grisi kidogo lisishike kutu.

Kurekebisha sensa ya mtikisiko

Sasa sensa yenyewe. Kwenye gari la usukani wa kulia tafuta chini ya usukani, nyuma ya kifuniko cha plastiki. Ni kiboksi cheusi cha ukubwa wa kiberiti, chenye skrubu moja au mbili na taa ndogo. Zenye skrubu mbili huwa moja ni ya pigo dogo (vilio vichache vya onyo) na nyingine ya pigo kubwa (king'ora kamili). Zenye skrubu moja hupandisha na kushusha hatua zote mbili kwa pamoja.

Kabla ya kugusa skrubu angalia imefungwaje, kwa sababu hapo ndipo nusu ya matatizo ya sensa hutokea. Sensa nyingi hubandikwa kwa tepu ya pande mbili. Gari likisimama juani siku nzima, dashibodi hupita nyuzi 60 za joto, gundi inalainika, sensa inaning'inia kwenye nyaya zake na kugonga plastiki kila upepo unapolitikisa gari. Hakuna kiwango cha skrubu kitakachotibu sensa inayoning'inia.

Mahali nako kunabadilisha usikivu kuliko watu wanavyodhani. Ikifungwa kwa skrubu kwenye ukuta wa chuma unaotenganisha injini na kabini, husikia kila kitu, pamoja na milio ya chuma cha ekzosi kinapopoa. Ikifungwa kwa tai mbili za plastiki kwenye fungu nene la nyaya za kiwandani, husikia kwa wastani. Kwa gari dogo tunapendelea kifungo cha chuma kinachoshikilia mhimili wa usukani, sehemu isiyosogea, kwa tai mbili zilizokazwa hadi sensa isichezecheze kwa kidole. Iepushe na feni ya AC, bomba la maji ya AC na pedali. Kifuatilia gari cha GPS chenye laini ya simu kisiwe jirani yake. Kinaporusha taarifa, mawimbi yake huweza kuingia kwenye sensa na kuishtua. Viachanishe walau sentimita 30.

Baada ya kuifunga vizuri, rekebisha kwa mpangilio huu:

1. Weka alama ya kalamu pale skrubu ilipo sasa. Skrubu hizi huzunguka robo tatu ya duara tu kisha zinagota. Ukilazimisha unavunja ndani.
2. Ishushe hadi mwisho wa chini. Kwa kawaida kuzungusha kufuata mishale ya saa ni kuongeza, lakini thibitisha kwa kugonga kidogo karibu na sensa na kuangalia taa yake.
3. Ipandishe kama sehemu moja ya nane ya duara. Funga vioo na milango yote, funga gari kwa rimoti, subiri dakika nzima. Alamu nyingi hazisikilizi sensa sekunde za mwanzo.
4. Piga nguzo iliyo kati ya mlango wa mbele na wa nyuma kwa kiganja. Pigo la wastani linapaswa kuleta vilio vya onyo. Pigo zito la upande laini wa ngumi lilete king'ora kamili.
5. Fungua kwa rimoti, funga upya, subiri tena ndipo upige mara nyingine. Baada ya kushtuka, baadhi ya alamu hupuuza sensa kwa muda, na ukipiga mfululizo utadhani haisikii na kuipandisha kupita kiasi.
6. Rudia upande wa pili wa gari na nyuma. Sensa iliyo kulia husikia mlango wa dereva kuliko wa abiria.

Kisha fanya jaribio la kinyume, lile linalorukwa na wengi. Egemea gari taratibu, funga kwa nguvu mlango wa gari la jirani, subiri lori au bodaboda yenye ekzosi iliyotobolewa ipite. Gari likae kimya, au litoe vilio vya onyo tu. Liache usiku mbili hapo ndipo uguse skrubu tena, na kila mara kwa kiasi kidogo.

Alamu mpya kadhaa zina sensa ndani ya boksi lenyewe na usikivu hupangwa kwa rimoti au kitufe. Kanuni haibadiliki, ila sasa boksi zima ndilo linalotakiwa kufungwa imara. Fundi akilisukumia tu nyuma ya redio, usitarajie lipangike.

Kuna sababu ya kujali kelele hizi hata kama majirani wako ni wavumilivu. Alamu kadhaa, zikiwemo za Viper, zina kinga ya usumbufu: eneo moja likishtuka mara tatu ndani ya saa moja, linaachwa nje ya ulinzi kwa saa moja inayofuata. Kwa hiyo gari lililolia mara tatu kwa sababu ya paka linaweza kuwa halisikii lolote mwizi anapofika. Ukiona alamu ililia mapema usiku ikanyamaza, na kulipokucha kioo hakipo, fikiria hilo kabla ya kusema sensa imekufa.

Sensa haishtuki hata ukipiga

Angalia kwanza kama imechomolewa. Wapo mafundi wanaomaliza malalamiko ya kelele kwa kuvuta soketi na kumrudishia mteja gari. Angalia pia kama rimoti ina kitufe cha kufunga bila sensa, na kama alamu iko kwenye hali ya gereji (ulinzi umezimwa kwa muda), ile taa ya dashibodi ikiwaka moja kwa moja bila kumweka.

Kama soketi ipo, pima kwa mita. Kati ya waya wa chanya na wa hasi lazima kuwe na volti 12 gari likiwa limefungwa. Mara nyingi nyekundu ni chanya, nyeusi ni hasi, na mbili zilizobaki ni za ishara, moja ya pigo dogo na moja ya pigo kubwa. Usiziamini rangi, pima. Waya wa ishara hukaa kwenye volti kadhaa na hushuka karibu na sifuri kwa kufumba na kufumbua pale sensa inaposhtuka.

Ukishautambua waya wa ishara, uguse kwenye bodi kwa sekunde moja. Alamu ikilia, boksi ni zima na sensa imekufa. Isipolia, sensa inaweza kuwa nzima na tatizo liko kwenye boksi, mpangilio au waya katikati. Hakikisha si waya wa chanya unaougusa, la sivyo unachoma fyuzi.

Wameondoa tairi au saiti mira na gari halikulia

Hapa tuseme ukweli. Sensa ya mtikisiko inasikia pigo. Jeki inayopandishwa polepole haina pigo, na kioo cha saiti mira kinachobanduliwa kwa bisibisi bapa hutoa mtetemo mdogo kuliko mlango wa jirani ukifungwa. Ukiipandisha sensa hadi inase kubanduliwa kwa kioo, itakulilia usiku kucha. Kwa vioo na taa, kinga yenye maana ni kuchonga namba ya gari juu yake na kuvipigia ribiti. Kwa betri na kontrobox (kompyuta ya gari) iliyo kwenye injini, kinga ni pini ya boneti inayofanya kazi. Power window na redio zinahitaji sensa ya ndani ya kabini.

Kwa tairi na kuvutwa, ongeza sensa ya mwinamo. Gari likifungwa, sensa hii huikariri pembe lilivyosimama, na ikibadilika kwa nyuzi zilizopangwa inashtuka. Nyingi hupangwa kati ya nyuzi 1 na 3. Hesabu yake ni rahisi: upana kati ya matairi ya kushoto na kulia kwa gari dogo ni kama mita 1.45, kwa hiyo upande mmoja ukiinuliwa sentimita 5, bodi imelala nyuzi 2 hivi. Tairi halijaachana na ardhi bado, kwa maana springi zinaendelea kulisukuma chini. Nyuzi 2 basi zinatosha. Ukiweka 1, tairi linalovuja taratibu litakuamsha saa tisa za usiku.

Ifunge kwenye chuma imara kwa skrubu, isiwe kwenye plastiki inayojikunja kwa joto. Na kama unaliacha gari limefungwa kwenye kivuko cha Likoni, Kigamboni au Ukerewe, lifunge kwa hali isiyotumia sensa. Maji yataliinamisha kila dakika.

Sensa za kulinda ndani ya kabini

Ya mawimbi ya sauti hurusha sauti ya kilohezi 40 isiyosikika kwa sikio na kusikiliza inavyorudi. Kitu kikitembea ndani, mwangwi unabadilika. Vichwa vyake viwili vinakaa juu ya nguzo za kioo cha mbele, vikielekezwa katikati ya kioo cha nyuma. Inashtushwa na upepo wa dirisha lililoachwa wazi kidogo, pambo linaloning'inia kwenye kioo cha dereva, feni ya AC, na buibui au mende anayetembea juu ya kichwa chenyewe. Futa vumbi, ondoa pambo, ndipo uirekebishe: shusha dirisha la mbele kama sentimita 20, funga gari kwa rimoti, subiri dakika moja ukiwa umetulia, kisha ingiza mkono. Ishtuke mkono unapokaribia usukani, isishtuke kwa vidole vilivyo mlangoni. Ina kazi yake kwenye saluni na gari dogo. Kwenye gari la turubai ni hasara tupu, kwa sababu turubai linapepea.

Kwa turubai, na kwa anayeacha dirisha wazi kidogo, chukua ya maikrowevu. Mawimbi yake hupenya kioo, plastiki na kitambaa lakini hurudishwa na chuma, na ndiyo maana mpita njia anaweza kuishtua. Iweke katikati, chini ya koni iliyo kati ya viti, mbali na bamba za chuma. Zenye maeneo mawili zipange eneo la nje lifike kwenye kioo tu. Mvua inayotiririka kiooni huonekana kama mtu anayesogea, hivyo msimu wa masika huenda ukalishusha zaidi. Upime milango ikiwa imefungwa, kwa sababu mlango wazi hubadilisha jinsi mawimbi yanavyorudi.

Sensa ya kioo kuvunjika ni maikrofoni inayosikiliza mshindo mzito ukifuatwa na mlio mkali. Inafaa kwa anayewekea begi kwenye kiti, lakini kioo kikishasikika kimevunjika, begi lina sekunde chache tu.

Volkswagen, Mercedes-Benz, BMW na Land Rover nyingi zina sensa za ndani na za mwinamo tangu kiwandani, na njia ya kuzizima kwa muda, ama kwa kitufe au kwa menyu. Itumie ukimwacha mtu ndani au ukiacha dirisha wazi. Usikate nyaya zake kuingiza alamu ya sokoni.

Ukiongeza sensa: nyaya na umeme wa betri

Kabla ya kununua, angalia boksi lako lina nafasi ya soketi ngapi na kama linapokea ishara ya hasi ya kawaida. Maboksi mengine mapya huzungumza na sensa zake tu kwa lugha ya kidijitali. Sensa mbili zikishirikiana waya mmoja wa ishara, kwa mfano ya pili uliyoweka nyuma ya Noah au Hiace kwa kuwa ya mbele haisikii buti, weka dayodi (kifaa kinachopitisha umeme upande mmoja tu) ya 1N4001 hadi 1N4007 kwenye kila waya. Mstari wa fedha wa dayodi uelekee kwenye sensa, upande usio na mstari uelekee kwenye boksi. Bila dayodi, sensa moja inaweza kuivuruga nyingine na hutajua ipi imelia. Hasi za sensa zote zirudi pale ilipo hasi ya boksi. Lehemu viunganishi, waya uliosokotwa na kufungwa tepu hulegea kwa joto.

Kila sensa inakula umeme gari likiwa limelala. Chomoa kichwa cha hasi cha betri, weka mita kwenye ampia 10 kati yake na nguzo ya betri, bana pini ya boneti kwa tai ibaki chini, funga gari, subiri nusu saa. Gari lenye afya husoma miliampia 20 hadi 50. Betri ya NS60 ina ampia-saa (Ah) 45: kwa miliampia 50 ingeisha kabisa baada ya siku 37, lakini ikipoteza nusu tu stata inaanza kukataa, yaani kama siku 18. Ukipandisha hadi miliampia 80 unabaki na siku 11 au 12. Mwenye gari linalosimama wiki mbili akiwa safarini asifunge sensa tatu za ndani.

King'ora kinachojilia chenyewe

Ving'ora vyenye betri ya ndani hulia umeme wa gari ukikatwa, na hilo ndilo lengo lake. Betri hiyo ikichakaa baada ya miaka, king'ora hudhani umeme umekatwa kila volti inapotikisika, huku indiketa zimetulia. Kina tundu la ufunguo mdogo: kizime kwa ufunguo huo, chomoa nyaya zake, fungua kifuniko. Ukikuta betri zimevuja ukoko mweupe na bodi ya umeme imeliwa, badilisha king'ora kizima. Bodi ikiwa safi, badilisha betri kwa zenye volti na aina ileile, ziba kifuniko kwa silikoni ya magari, na ukirudishe mdomo ukiangalia chini ili maji ya mvua na ya kuoshea injini yasitulie ndani.